Usalama wa Makutano ya Barabara za Juu: Namna ya Kuupima Kabla ya Kujenga

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa makala haya yanahusu kadhia ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni ya miji mikubwa ya Bara na ya nchi za nje tu, nayo ni makutano ya barabara ambapo njia moja hupita juu na nyingine hupita chini. Dar es Salaam ilifungua Daraja la Mfugale katika makutano ya TAZARA mwaka 2018, na makutano ya ngazi tatu ya Ubungo, yaliyopewa jina la marehemu Balozi John Kijazi, mwaka 2021. Nasi Unguja jambo hilo limetufikia, kwani makutano ya Amani na ya Mwanakwerekwe yalichaguliwa kujengewa barabara za juu.

Aghlabu mchoro wa ujenzi wa namna hii hauwi mmoja. Wahandisi huleta miwili, mitatu au minne, na kila mmoja huja na gharama yake, kiasi cha ardhi utakachochukua, na idadi ya magari utakayoyapitisha kwa saa. Mambo hayo matatu hujibiwa kwa tarakimu. Suala la nne, yaani ni mchoro upi utakaoua na kujeruhi watu wachache zaidi, mara nyingi hujibiwa kwa maneno: ni wa kisasa, ni salama. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kuwa suala hilo nalo lina hesabu yake, na kwamba hesabu hiyo haimshindi mtu aliyemaliza skuli ya sekondari.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuhesabu nukta za hatari. Nukta ya hatari ni mahali ambapo mapito ya magari mawili yanakutana. Ziko za aina tatu: pale magari yanapotengana, pale yanapoungana, na pale yanapokatana. Msomaji na achukue kalamu na karatasi, achore makutano ya kawaida ya njia nne, kila upande ukiwa na safu moja ya kwenda na moja ya kurudi, kisha achore kila pito linalowezekana. Atazipata nukta 32, na katika hizo 16 ni za kukatana, ambazo ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu gari hupigwa ubavuni, mahali ambapo pana bati tu baina ya mtu na kishindo. Akimaliza, achore kipilefti cha safu moja. Atazipata nukta 8, na hata moja haiwi ya kukatana.

Hii ndiyo sababu mwandishi hakubaliani na wale wanaokidharau kipilefti kwa kuwa ni kitu cha tangu zamani. Taasisi ya bima inayoshughulikia usalama wa barabara nchini Marekani ilichapisha mwaka 2000 matokeo ya makutano 24 yaliyobadilishwa kutoka taa au alama za kusimama na kufanywa vipilefti. Ajali zote zilipungua kwa asilimia 39, na ajali zenye majeruhi kwa asilimia 76. Anayetaka kujenga daraja hana budi kwanza aonyeshe kuwa kipilefti kilichojengwa vizuri hakitoshi.

Ikiwa hakitoshi, kwa sababu magari ni mengi mno au barabara kuu ina mwendo mkubwa, ndipo yanapokuja maumbo ya barabara za juu. Umbo lililozoeleka zaidi huitwa almasi, kwa vile linavyoonekana kutoka angani. Barabara kuu hupita moja kwa moja bila ya kusimama. Barabara ndogo hupita juu yake au chini yake. Na njia nne za kupandia na kushukia huziunganisha hizo mbili. Mwananchi akitazama mchoro wa almasi hudhani kuwa makutano yameondoka. Hayakuondoka. Yamegawanywa yakawa mawili, moja kila upande wa daraja, pale njia za kupandia na kushukia zinapoikuta barabara ndogo. Katika almasi ya kawaida nukta za hatari ni 26, na 10 katika hizo ni za kukatana. Anayekwenda mbali kwenye barabara kuu amepumzika. Anayetoka mtaani kwenda sokoni amepewa makutano mawili badala ya moja.

Liko umbo jingine lenye mizunguko minne inayofanana na majani manne ya ua, ambalo halina nukta hata moja ya magari kukatana kwa pembe. La mwanzo nchini Marekani lilijengwa Woodbridge, New Jersey, likafunguliwa mwaka 1929, na kwa muda mrefu wahandisi waliliona kuwa ndilo kikomo cha ustadi. Ila yake ilidhihirika magari yalipozidi. Gari inayotoka kwenye mzunguko mmoja huingia barabarani hatua chache tu kabla ya mahali ambapo nyingine inatoka kuingia mzunguko wa pili, na zote mbili hulazimika kupishana katika kipande kifupi, moja ikiongeza mwendo na nyingine ikipunguza. Hesabu ya nukta peke yake haikuionyesha hatari hiyo. Makutano yale ya Woodbridge baadaye yalijengwa upya kwa umbo tofauti.

Umbo la tatu ni geni zaidi na linastahiki maelezo marefu kidogo, kwani ndilo lililofanyiwa uchunguzi mwingi katika miaka ya karibuni. Tuliite almasi ya kupishana. Lilikuwepo Versailles, Ufaransa, tangu miaka ya 1970, lakini halikushughulikiwa sana hadi mhandisi wa Marekani, Gilbert Chlewicki, alipoliandikia mwaka 2003, na la mwanzo nchini humo likafunguliwa Springfield, Missouri, mwaka 2009. Michoro ya Marekani inapaswa kugeuzwa kama inavyoonekana katika kioo, maana wao hupita kulia na sisi hupita kushoto. Mtu asiyekumbuka hayo atachanganyikiwa kutoka ukurasa wa mwanzo. Kwetu sisi ingekuwa hivi: magari ya barabara ndogo yanapokaribia daraja husimamishwa na taa, kisha huvushwa hadi upande wa kulia, hupita darajani yakiwa upande huo, na baada ya daraja taa nyingine huyarejesha kushoto. Faida yake ni kuwa anayetaka kukata kulia ili aingie barabara kuu hukata bila ya kuyavuka magari yanayomkabili, na kukata kulia mbele ya magari yanayokuja ndiko kulikomaliza roho za watu wengi katika barabara za wanaopita kushoto. Nukta za hatari zinashuka kutoka 26 hadi 14, na za kukatana kutoka 10 hadi 2.

Kila anayesikia habari hii huuliza: je, dereva hatapotea akaingia uso kwa uso na wenzake? Ni suala la haki, na Wamarekani waliliuliza kabla ya kumwaga saruji. Katika kituo cha utafiti wa barabara cha serikali yao huko Virginia, madereva waliwekwa ndani ya gari la maonyesho ambalo halitoki mahali pake, wakaendeshwa kwenye picha ya almasi ya kupishana na ya almasi ya kawaida. Hawakuonekana kuingia upande usio wao katika umbo jipya zaidi kuliko katika la kawaida. Hiyo nayo ni njia ya kupima usalama: kumkosesha dereva mahali ambapo kosa halimuui mtu.

Nukta za hatari, hata hivyo, hazina uzito mmoja. Nukta moja ya kukatana ambapo magari hupita kwa kilomita 80 kwa saa inaweza kuwa mbaya kuliko nukta tano za mwendo wa kilomita 30. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Kwa hivyo mchoro wowote unaoletwa uandikwe mwendo unaotarajiwa katika kila nukta, na usiwe ule ulioandikwa kwenye kibao, bali ule ambao umbo la barabara lenyewe litamruhusu dereva kuufikia. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva akimbie, hata kibao kikisema vyengine.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu za ajali, ambapo makosa mengi hufanyika kwa nia njema. Desturi ni kuhesabu ajali za kabla na za baada: makutano yalikuwa na ajali 11 katika mwaka, yakajengwa upya, mwaka uliofuata zikawa 6, basi ujenzi umeokoa 5. Hesabu hiyo inavutia, na inaweza kuwa si kweli kabisa. Tuchukue mfano wa wavuvi kumi wenye vyombo sawa na ujuzi sawa. Siku ya Jumatatu mmoja wao anarudi na samaki mara mbili ya wenzake. Jumanne tukimpa wavu mpya, na akarudi na samaki wa kawaida, je, tuseme wavu umemharibia? Bahati yake ya Jumatatu haikuwa na sababu ya kurudi Jumanne. Vivyo hivyo makutano kumi yanayofanana yanaweza kuwa na wastani wa ajali 6 kila mwaka, na mwaka mmoja mojawapo likapata 11 kwa nasibu tu. Ni hilo litakalotangazwa, ndilo litakalojengwa, na mwaka wa pili lingerudi kwenye 6 hata kama lisingeguswa na jembe.

Profesa Ezra Hauer wa Chuo Kikuu cha Toronto alilishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 1997 ndicho kilichowafundisha wengi namna ya kuliepuka. Kwa ufupi, idadi ya ajali za mahali fulani haichukuliwi peke yake. Huchanganywa na wastani wa mahali pengine panapofanana napo kwa umbo na wingi wa magari, na huangaliwa kwa miaka kadhaa badala ya mmoja. Kinachopatikana ndicho makisio ya ajali ambazo zingetokea lau ujenzi usingefanyika, na hicho ndicho kinacholinganishwa na zilizotokea baada ya ujenzi. Uchunguzi ule wa vipilefti 24 uliotajwa hapo juu ulifuata njia hii, ndiyo maana mwandishi ameutegemea. Na almasi ya kupishana nayo imepimwa kwa uangalifu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kwa makutano 26 ya aina hiyo katika majimbo 11 ya Marekani ulionyesha kuwa ajali zote zilipungua kwa asilimia 37 hivi, na zenye majeruhi kwa asilimia 54, ukilinganisha na almasi za kawaida zilizokuwepo mahali hapo.

Hapa lazima tuwe na insafu. Tarakimu hizo ni za barabara ambazo hazina bodaboda zinazopenya baina ya magari, hazina gari la ng'ombe lenye mwendo wa mtu anayetembea, wala daladala inayosimama popote abiria anapogonga bati. Mtu asizichukue akazibandika Unguja kama zilivyo. Zinatuonyesha umbo lipi linaelekea wapi. Hazituambii ni watu wangapi watapona Mwanakwerekwe.

Kwa kuwa ajali, tunashukuru, si nyingi kiasi cha kutosha kuhesabiwa kwa mwezi mmoja, na kwa kuwa nyingine haziandikwi popote, watafiti hutazama pia zile ambazo nusura zitokee. Jambo hili lilianza katika maabara za kampuni ya General Motors huko Marekani katika miaka ya 1960, na likaendelezwa sana katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Mtazamaji aliyefunzwa hukaa kando ya makutano na kuandika kila mara dereva anapofunga breki ghafla au kuchepuka ili asigonge, na kukisia zingebaki sekunde ngapi kabla ya kugongana lau hakuna aliyechukua hatua. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Mwandishi alijaribu jioni moja ya Ramadhani, katika nusu saa ya mwisho kabla ya futari, akiwa na daftari kwenye baraza ya duka lililo kando ya njia. Kabla ya adhana ukurasa ulikuwa umejaa, na zaidi ya nusu ya aliyoyaandika yaliwahusu watu waliokuwa wakivuka kwa miguu.

Hao wanaovuka kwa miguu ndio kiini cha makala haya, kwa sababu nukta 32, 26 na 14 zilizotajwa hapo juu zote ni za magari kwa magari. Mtu anayetembea hamo. Na michoro mingi ya barabara za juu huanza na magari, kisha mtu huongezwa mwishoni kwa mstari mwembamba.

Tumfanyie hesabu yake. Barabara ya safu nne, kila safu mita 3.5, ina upana wa mita 14. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hivyo anahitaji karibu sekunde 12 kuvuka. Gari yenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 200 katika sekunde hizo. Basi lazima aione nafasi tupu ya mita 200, pande zote mbili, ndipo avuke kwa amani. Mwendo ukiwa kilomita 30, mita 100 zinamtosha. Bi kizee mwenye kikapu au mtoto wa skuli wa darasa la kwanza wanahitaji zaidi ya hapo.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni daraja la waenda kwa miguu. Nalo lina hesabu. Likiwa na kimo cha mita 6 ili malori yapite chini yake, na kila kipandio kikiwa na sentimita 15, mtu atapanda vipandio 40 na kushuka 40. Likijengwa kwa mteremko ambao kiti cha magurudumu kinaweza kupanda, yaani mita 1 juu kwa kila mita 12 za kwenda, atatembea mita 72 kupanda na 72 kushuka ili avuke njia ya mita 14. Barabara kuu ya Thika nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2012, imetufundisha yanayofuata: watu wengi waligongwa wakikatiza chini ilhali daraja likiwepo. Ni wepesi kuwalaumu kwa uvivu. Mwandishi anaona kuwa mchoro uliotegemea watu wasiofanana na watu ndio wenye kosa.

Pana sehemu moja khasa ya kuangaliwa katika mchoro wowote utakaoletwa kwetu, nayo ni njia ya mkato ya kukata kushoto bila ya kusimama. Wahandisi huipenda kwa kuwa haizuii magari. Lakini dereva anayeipita hugeuza uso wake kulia, akiyatazama magari atakayojiunga nayo, na mtu anayevuka kutoka kushoto kwake haonekani kabisa mpaka awe mbele ya boneti. Njia hiyo ikikunjwa zaidi ili mwendo upungue, na kivuko kikiinuliwa kiwe kama tuta, hatari hupungua sana kwa gharama ndogo kuliko ya taa moja.

Yako na mengine ambayo hayamo katika maumbo ila yamo katika ardhi. Njia ya chini ikichimbwa mahali pa bonde, masika yakija hujaa maji, na wakaazi wa Mwanakwerekwe hawahitaji kuelezwa habari ya maji ya mvua. Chini ya daraja kusikokuwa na taa ni hatari usiku kwa anayetembea, na si kwa magari tu. Na daraja likiondoa foleni mahali pamoja, mwendo na msongamano huhamia makutano yanayofuata. Kwa hivyo tathmini inayoishia kwenye mipaka ya daraja haijakamilika.

Michoro inapoonyeshwa kwa ajili ya kupokea maoni, mwananchi ana haki ya kuuliza, kwa kila mchoro, nukta za hatari ni ngapi na ngapi katika hizo ni za watu na magari. Mwendo utakaokuwepo katika kila nukta. Na mtoto anayetoka upande mmoja kwenda skuli upande wa pili atavuka barabara ngapi, kwa hatua ngapi, na atasubiri sekunde ngapi kila mahali. Masheha na walimu wanaokaa karibu na makutano yenye magari mengi wanaweza kusaidia kazi hii kabla mhandisi hajafika, kwa kuweka daftari la ajali na za nusura. Iandikwe siku, saa, gari ilikotoka na ilikokuwa ikielekea, ikiwa mtu aliyehusika alikuwa anatembea, anaendesha baskeli au yumo garini, ikiwa mvua ilikuwa ikinyesha, na ikiwa taa za barabarani zilikuwa zikiwaka. Jina la mtu halihitajiki. Tarehe isiyo na saa haisaidii sana.